Kumbakiza chuoni kijana wa kaya masikini: mwongozo kwa vyuo vya wananchi vya Mtwara na Lindi

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975 kwa ajili ya mtu ambaye shule ilimwacha njiani. Huyo ndiye anayeingia leo vyuo vya Masasi, Mtawanya, Chilala na Kilwa Masoko. Kumpokea si kazi. Kazi ni kumfikisha mwisho wa kozi. Na ada peke yake si kikwazo chake: kuna sahani ya ugali, nauli, ovaroli na mtoto mchanga aliyebaki nyumbani.

Anzeni na kalenda ya mfuko wa mzazi. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, ufuta huuzwa katikati ya mwaka. Chuo kikidai fedha zote kabla ya mnada, mzazi anakwenda kwa mtu wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho nje ya mnada, anauza kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika hana cha kupeleka ghalani. Mmemlipisha ada mara mbili. Gawanyeni: nusu Januari, robo baada ya ufuta, robo korosho mpya zinapouzwa. Tarehe iwekwe wiki tatu baada ya mnada, maana fedha haziingii kwenye akaunti ya mkulima siku ileile. Makubaliano yaandikwe nakala mbili, mzazi na mhasibu wasaini.

Siku ya kuripoti, matroni au patroni akae na kila mwanafunzi faragha kwa dakika 15. Nani anakulipia? Jana ulikula mara ngapi? Unalala wapi, na kutoka huko unatembea muda gani? Una mtoto, na anabaki na nani? Namba ya kaya ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya masikini, ni ushahidi mzuri, lakini isiwe mlango pekee: kijana anayelelewa kwa shangazi huenda hayumo kwenye orodha hiyo. Barua ya mtendaji wa kijiji inatosha. Anayetoka mbali, kama Liwale, asirudishwe kuifuata wakati wa mvua; mpigieni mtendaji simu, karatasi itafuata.

Februari hadi Aprili ndiyo miezi inayotoa watu chuoni. Fedha ya korosho imeishia kwenye madeni, shambani chakula hakijakomaa. Tengeni mfuko wa dharura mapema. Sahani ya mchana ikiwa shilingi 1,500, siku 60 za masomo ni 90,000 kwa mtu mmoja. Wanafunzi 10 ni 900,000. Mfuko uwe na saini mbili, na ombi lijibiwe ndani ya siku mbili, kwa sababu mwenye njaa hasubiri kikao cha mwezi ujao. Lipieni kitu chenyewe badala ya kutoa fedha mkononi. Kadi ya chakula ifanane na za wengine wote, na majina yasibandikwe ubaoni kamwe. Kijana akiona aibu ataacha msaada, kisha ataacha chuo.

Kwa wasichana wenye watoto, chumba cha watoto ndani ya chuo hakina mbadala. Mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaowarudisha masomoni wasichana walioacha shule, umefanya hivyo katika vyuo hivi, na hata chuo chenye fedha kidogo kinaweza kuanza na chumba kimoja, mikeka, maji safi na mlezi anayelipwa. Ratiba iwe na nafasi ya kunyonyesha asubuhi na mchana.

Daftari la mahudhurio lisomwe kila Ijumaa. Aliyekosa siku tatu apigiwe simu siku hiyohiyo. Akifikisha wiki mbili huwa ameshapata kibarua au ameolewa. Angalieni zaidi wiki ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo, nauli inapoongezeka ghafla na chakula cha chuo hakipo.

Anayelenga stashahada baadaye alinganishe majina sasa. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na yatima huhitaji pia cha kifo cha mzazi. Jina likiwa “Saidi” huku na “Said” kule, tofauti hiyo irekebishwe kisheria angali chuoni, si wiki ya mwisho ya maombi.