Unaenda Marekani kusomea maafa? Uliza kwanza darasa liko wapi

Nilirudi Lamu na masanduku mawili muhula ukiwa katikati, na majirani wa Mkomani wakadhani nimekuja harusini. Harusi ya nani? Rekodi yangu ya SEVIS, daftari la serikali ya Marekani la wanafunzi wa kigeni, ilikuwa imefungwa, na mtu aliyefungiwa kwa kuvunja masharti hapewi hata wiki ya kufungasha. Anatakiwa atoke. Na kosa langu lilikuwa madarasa mawili tu.

Uzamili wa usimamizi wa dharura na maafa una wanafunzi wa aina yake. Wengi kule ni wazimamoto, polisi, manesi na watu wa ambulensi. Mchana wako kazini, usiku wanasoma kwenye kompyuta. Kwa hiyo vyuo vingi vinaifundisha fani hii mtandaoni mwanzo hadi mwisho, na vingine vinakupokea darasani halafu muhula wa pili nusu ya kozi zinahamia mtandaoni kimyakimya. Kwa mwenyeji si neno. Kwako wewe mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, ni shimo lililofunikwa jamvi.

Sheria yenyewe ni hii: katika mzigo wako wa lazima wa kila muhula, linahesabiwa darasa moja tu la mtandaoni, krediti 3. Mimi nilitakiwa krediti 9. Nikachukua darasa moja la ana kwa ana na mawili ya mtandaoni, kwa kuwa mshauri wangu wa masomo, mama mwema asiye na kinyongo na mtu, aliniambia ndiyo yanayonifaa. Kwenye karatasi ya chuo nilikuwa na 9. Kwa uhamiaji nilikuwa na 6. Mshauri wa masomo hajui mambo ya viza, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni haikuulizi umejisajili nini mpaka uwe umeshaharibu.

Basi fungua ratiba utazame safu inayosema darasa linafundishwa vipi. Itazame tena siku ya mwisho ya kubadilisha kozi, kwa sababu hubadilika. Likiandikwa "mseto", uliza kama ni lazima ufike chuoni kwa mwili wako, hata kama ni kwa mtihani. Wakisema si lazima, hilo ni la mtandaoni, liite jina lolote. Na muhula wa mwisho, ukibakiwa na darasa moja tu la kumalizia, hilo moja lisiwe la mtandaoni. Hapa wameanguka watu wenye akili kunishinda. Waulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwa barua pepe, si kwa mdomo, na jibu ulihifadhi.

Tena programu iliyo mtandaoni yote haikupi I-20, ile fomu ya chuo ya kuombea viza, ya kwendea Marekani. Ukitaka kuisoma ukiwa Malindi kwako, isome, huhitaji viza. Ila kabla ya kulipa, waulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama shahada hiyo wataitambua.

Ami zangu na khalati zangu, nawapenda, lakini barua ya kukubaliwa chuoni si viza. Mlinichangia, mkapika biriani, mkanisomea dua, I-20 haijafika. Niliporudi mkaniuliza, "Si umalizie hukohuko kwenye simu?" Simu ndiyo iliyonirudisha, khalati.

Pasipoti, taarifa za benki, foleni ya ubalozi wao Gigiri, Nairobi: hayo mnayajua. Mimi nililipa dola 350 za SEVIS mara mbili, kwa I-20 mbili.

Wamarekani nimewasoma vizuri, maana niliishi kwenye fomu zao. Kila janga lina mpango, kila mpango una mchoro wa nani anamwamuru nani, na mfumo wao huo ulizaliwa kwenye moto wa misitu ya California miaka ya 1970. Ni mzuri, sisi tunauhitaji. Lakini nilikaa mwaka mzima nisijue jina la jirani wa mlango wa pili. Darasani tulisoma Katrina ya 2005, mwalimu akasimulia kwa mshangao jinsi raia wa Louisiana walivyotoka na boti zao za kuvulia kuwaokoa watu New Orleans. Wenzangu wanaandika. Mimi namfikiria baba, chombo kikizama baharini watu wanaruka kwenye mashua kabla hata haijajulikana ni cha nani. Kwetu huo ndio mpango wenyewe, kasoro haujaandikwa, na wala hauna redio wala majaketi ya kuokolea ya kutosha.

Jambo la kazi nalo mlijue mapema. Ajira za serikali kuu yao, shirika lao la maafa FEMA likiwemo, kwa kawaida ni za raia. Ukimaliza una miezi 12 ya OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi ya fani uliyosomea, na ombi linafunguliwa siku 90 kabla ya programu kwisha. Usingoje mahafali.

Wiki iliyopita kijana wa Kizingitini amenitumia barua yake ya kukubaliwa, furaha tupu, na mchango umeshaanza. Nimemuuliza madarasa yako wapi. Ameniambia yako Marekani.