Misheni kwa watoto wa mtaani Nairobi: soma hii kabla hamjapanda basi

Bwana asifiwe wapendwa. Kila ikikaribia mwezi wa sita naanza kupata meseji za vijana wa makanisa ya Dar na Arusha, tumejichanga tunataka kwenda Nairobi kuhudumia watoto wa mtaani, tunaanzia wapi? Mimi nimeenda mara tatu, ya kwanza tuliharibu kabisa, kwahiyo naandika yote hapa halafu nitakuwa natuma link tu.

Kitu cha kwanza ni mwenyeji, na simaanishi mchungaji wa kuwapa pa kulala. Namaanisha watu ambao wako barabarani mwaka mzima, madogo wanawajua kwa majina, na nyie mkiondoka Jumatatu wao Jumanne wako palepale. Wapo. Undugu Society, shirika la kuhudumia watoto wa mtaani, iko Nairobi tangu 1973, aliianzisha padri Mholanzi Arnold Grol, Wasalesiani, shirika la Kikatoliki, nao wana kituo cha Bosco Boys, halafu kuna vikanisa vya Eastleigh na Mathare ambavyo hata ukurasa wa Facebook havina lakini wanapika uji kila wiki. Waandikieni miezi mitatu kabla. Na mkiandika waulizeni wamepungukiwa nini, msianze kuwaambia nyie mnaleta nini.

Sisi hatukuuliza. Tulibeba viatu pea 40, tukagawa jioni pale karibu na raundi abauti ya Globe, tukaimba, tukalia, tukaenda kulala tumefurahi. Asubuhi tumerudi miguu ileile iko peku. Vingine vimeuzwa usiku uleule, vingine wakubwa wamewanyang'anya wadogo, na dogo mmoja jicho limevimba kwa sababu aligoma kutoa vyake. Yaani lile jicho tulimpa sisi. Tangu siku hiyo sigawi kitu cha kuuzika mtaani, na hela mkononi ndo kabisa, hela inaishia kwenye gundi.

Makaratasi. Mtanzania haitaji viza Kenya, unagongewa muhuri mpakani Namanga unaweza kukaa mpaka miezi sita, ila kutembea na kufanya huduma ni vitu viwili tofauti, kwahiyo mwenyeji aulize uhamiaji mapema kama mnahitaji kibali, na amtaarifu afisa wa watoto wa eneo lile. Kenya wana Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto hachukuliwi tu barabarani kama kifaranga ukampeleka unakojua wewe, anapitia kwa afisa wa watoto au polisi, na mahakama ndo inaamua akae wapi. Tulikuwa na mama mmoja kwenye timu alilia sana anataka kuondoka na kabinti ka miaka kama saba. Roho nzuri kabisa. Ila kuvuka mpaka na mtoto wa mtu bila karatasi unaweza kushtakiwa kwa usafirishaji haramu wa binadamu, hakuna polisi atakayekuuliza kama ulisali kabla. Mkikutana na mtoto yuko hatarini pigeni 116, ni bure, hata kwetu Tanzania ni namba hiyohiyo.

Lugha sasa. Msijidanganye kwamba sote tunaongea Kiswahili. Wale wanaongea Sheng, lugha ya mtaani ya vijana wa Nairobi, na Kiswahili chetu cha "samahani naomba nikuulize" kwao ni komedi. Mi nilimwambia mmoja "hujambo mwanangu" akaita wenzake wote waje wasikilize. Waacheni wacheke, waambieni wawafundishe, hapo ndo urafiki unapoanzia. Neno chokoraa msilitumie hata kwa utani, wanaitwa hivyo kila siku na watu wanaowapiga. Na mkisikia "kanjo!" ujue ni mgambo wa jiji, watatawanyika sekunde moja, nyie simameni pembeni na muacheni mwenyeji aongee.

Wanakaa kwa makundi, sehemu yao wanaiita base, na kila base ina mkubwa wake. Msalimieni huyo kwanza. Ukimruka ukaenda moja kwa moja kwa wadogo umemdharau, na wewe ukiondoka hasira zake zinaishia kwao. Na msitegemee kukuta watoto peke yao, sensa ya 2018 ilihesabu watu 46,639 wanaoishi mitaani Kenya nzima, humo kuna familia, kuna kina mama wamezaliwa hukohuko na sasa wanazaa hukohuko. Mabinti wanajificha zaidi, wengine wana vichanga, hao waachieni dada zenu kwenye timu.

Gundi mtaikuta, ni ile ya viatu, iko kwenye kichupa cha plastiki wanakibana mdomoni. Inaua njaa, inaua baridi, inaua woga, ndo maana hata ukiongea vizuri vipi hakiachwi. Msinyang'anye. Na msihubirie mtu aliyelewa, mnapoteza muda wenu na wake. Nendeni asubuhi, usiku vichwa havipo. Kitu kilichotusaidia ni mpira, sheria ni moja tu, anayeingia uwanjani chupa anaiweka pembeni, na tulishawahi kucheza saa nzima na nusu hakuna aliyeikumbuka. Bebeni mipira miwili maana mmoja lazima uangukie Nairobi River.

Chakula, na hapa najua nitagombana na watu. Msiseme "sikilizeni neno halafu mtakula". Mtoto mwenye njaa ataokoka mara nne kwa wiki kwa timu nne tofauti, wanajua mpaka sala ya toba kwa moyo, wameizoea. Wapeni uji na mkate kwanza, kila mtu, hata anayeondoka akishakula. Wanaobaki ndo mtaongea nao, na hao wanauliza maswali ya kweli.

Dawa: glovu, spiriti, bandeji, ya kuungua pia maana wanalala jirani na moto. Kidonda kikubwa mpelekeni kliniki ya mwenyeji, msijifanye madaktari. Hakuna mtu wa timu kubaki peke yake na mtoto, wawili wawili muda wote, na namba zenu binafsi msigawe. Picha za sura za watoto hapana, hata kama wadhamini kanisani wanataka ripoti, pigeni picha ya sufuria.

Siku ya mwisho watawauliza mnarudi lini. Kama hamjui semeni hamjui. Wameahidiwa shule, nyumba, hata Marekani, na kila mtu. Mkifika nyumbani hesabuni nauli na malazi yenu vilikula shilingi ngapi, muone kama hata robo yake mnaweza kumtumia mwenyeji kila mwezi ya uji, M-Pesa ya Voda inafika mpaka Safaricom. Na masweta jamani, mwezi wa saba Nairobi usiku ni nyuzi 12, mmoja wetu alikuja na fulana tatu na kandambili tukaishia kumnunulia mtumba soko la Gikomba.