Ziba mpira kwa kidole gumba: jinsi ninavyowapima vijana wanaokuja Nebraska

Nimeishi Omaha, jimbo la Nebraska, miaka 14, na msimu ninaoupenda kuliko yote si ule wa mechi. Ni wa usajili, vijana wa sekondari wanapotangaza watakwenda chuo gani kucheza futiboli ya Kimarekani, na sisi mashabiki wa timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska tunageuka makocha usiku kucha. Ubingwa wa taifa tuliuchukua mara ya mwisho 1997. Uwanja wetu pale Lincoln umejaa kila mechi tangu 1962 hata hivyo, kwa hiyo mjue mnaongea na watu wa aina gani.

Mgeni wa ushabiki huu hukimbilia nyota. Tovuti za kupima vijana, 247Sports, ESPN na wenzao, humpa kijana nyota mbili mpaka tano, na 247Sports hulenga kuwapa nyota tano vijana 32 hivi nchi nzima, kwa sababu raundi ya kwanza ya uchaguzi wa wachezaji wa NFL, ligi ya kulipwa, ina nafasi 32. Usizidharau. Ukichukua vijana mia wa nyota nne na mia wa nyota tatu, kundi la kwanza litatoa wachezaji wengi zaidi, hilo halina ubishi. Lakini wewe huulizi habari za mia. Unamuulizia mmoja, na kwa mmoja nyota hupotea njia. Josh Allen, kwotabeki (mrusha mpira) wa NFL, alimaliza sekondari kule Firebaugh, California, bila chuo kikubwa hata kimoja kumtaka. Akaenda chuo kidogo cha Reedley, kisha Wyoming, na mwaka 2018 akachaguliwa wa 7 kwenye NFL. Alikuwa mwembamba, mwili ukamjia baadaye.

Basi kazi inaanza na video. Karibu wote wanaziweka Hudl, kampuni ya video za michezo ya hapa hapa Lincoln. Kumbuka video ile kaipanga kijana mwenyewe, na yaliyo bora kayaweka mbele. Mimi huanzia mwisho. Vipande vitano vya mwisho ndivyo vilivyokaribia kuachwa, na hapo unaona kiwango chake cha kawaida. Nikipata mechi nzima, naiacha hiyo video kabisa.

Halafu naweka kidole gumba juu ya mpira kwenye simu. Sitanii. Macho yetu yamezoea kufuata mpira, na mpira haukwambii kitu kuhusu kijana anayecheza mbali nao. Mchukue yule wa mstari wa mbele anayemlinda kwotabeki upande wa kushoto. Kila mtu hushangilia akimwangusha adui chali, na video yake itakuwa imejaa hayo. Mimi natazama miguu. Akirudi nyuma kumzuia mshambuliaji anayezunguka kwa kasi, je, miguu inakwenda kwa hatua fupi fupi, mmoja ukigusa chini kabla mwingine haujanyanyuka, au anavuka mguu mmoja juu ya mwingine? Akivuka, kwenye chuo atakalishwa chini. Je, makalio yamekaa chini na mgongo umenyooka, au amejikunja kiunoni kama anatafuta funguo zilizoanguka? Kwenye sekondari kijana wa kilo 136 hushinda kwa uzito tu, hata akiwa amekosea kila kitu. Mimi namtaka yule anayeshinda kwa miguu, hata akiwa na kilo 115. Kilo ataongezewa na jikoni la chuo. Akicheza mieleka majira ya baridi, namwongezea alama hapo hapo.

Kwa kwotabeki tafuta pale mpokeaji wake wa kwanza amekabwa. Anafanya nini? Wengi huanza kukimbia. Anayetulia nusu sekunde akamwona wa pili, huyo mwandike.

Kuhusu kasi, usiamini namba za mbio za yadi 40 zinazotangazwa na kambi za mazoezi. Saa inayobonyezwa kwa mkono peke yake hupunguza kama sekunde 0.24 ukilinganisha na ya umeme, achilia mbali chumvi ya kocha na ya baba mzazi. Nenda kwenye matokeo ya riadha ya jimbo. Aliyekimbia mita 100 kwa 10.6 kwenye saa ya umeme, huyo anakimbia, na hakuna wa kukubishia. Urefu nao hupanda inchi moja au mbili njiani kati ya shule na tovuti, hivyo mtazame akiwa amesimama karibu na mtu ambaye urefu wake unajulikana.

Nami niliwahi kuchemsha. Kulikuwa na mbebaji mpira mmoja wa kijijini, magharibi mwa jimbo. Kila akigusa mpira, yadi 60, yadi 70, hakuna wa kumgusa. Nikampigia shemeji saa sita za usiku nikamwambia tumepata dhahabu. Shemeji akatazama, akanyamaza, akauliza: "Umewahesabu hao wapinzani?" Walikuwa wanane, si kumi na mmoja wa kawaida. Shule ndogo za Nebraska hucheza wanane kwa wanane, na nafasi wazi ni tele. Mimi macho yote yalikuwa kwenye mpira. Kijana alikuja chuoni bila ufadhili, akakaa misimu miwili, akaondoka bila kucheza. Hakukosea yeye. Tangu siku ile nahesabu watu kwanza, kisha natazama ni shule gani wanacheza nayo.

Baada ya video, angalia nani mwingine anamtaka. Ofa za vyuo si sawa zote. Vyuo vingine hugawa ofa kama vipeperushi na ukitaka kusaini unaambiwa subiri. Ofa yenye uzito ni ile ambayo kocha mkuu mwenyewe kaenda kukaa sebuleni kwa mama wa kijana. Tena kila chuo kina jicho lake. Mahasimu wetu Iowa wakimng'ang'ania kijana wa nafasi ya taiti endi (anayezuia na pia kupokea mpira), mimi nafungua video hata kama ana nyota mbili. Mwaka 2019 walitoa wawili wa nafasi hiyo kwenye raundi ya kwanza ya NFL, T.J. Hockenson na Noah Fant. Inaniuma kuwasifu, lakini ndivyo ilivyo.

Usishone jezi kabla hajasaini. Kwotabeki Dylan Raiola alikuwa ameshawaahidi chuo cha Georgia, akageukia kwetu Desemba 2023, tukaruka mpaka dari. Georgia nao walikuwa na watu waliolala wakiamini. Siku hizi ongeza swali la nafasi: tangu 2025 vyuo vingi vimebanwa na kikomo cha wachezaji 105, na soko la uhamisho humleta mtu mzima wa miaka 22 anayecheza leo. Kijana mzuri anaweza kukosa pa kukaa.

Yote haya yaandike kwenye daftari, na tarehe. Uje usome baada ya miaka mitatu, utaona aibu yako ilipo. Na kijana mwenyewe usimtumie ujumbe, wa sifa wala wa matusi. Ni mtoto wa shule.

Ukipata nafasi, nenda uwanjani kwa shule yake Ijumaa usiku. Fika dakika 40 kabla, simama kwenye uzio upande wanakopashia misuli watu wa mstari wa mbele. Mechi ikianza, mngoje kijana wako apigwe chenga mbaya, halafu usimwondolee macho mpaka mchezo unaofuata: anatembea vipi kurudi kwenye nafasi yake, anamtazama nani, anaanza na mguu upi. Beba blanketi. Baridi ya Novemba hapa haina utani, na kalamu ya wino huganda, kwa hiyo chukua penseli.