Ndege wa maji wanaondoka Machi: jinsi ya kuwaangalia na kuwarekodi hapa Nairobi

Wasee wengi wakisikia mambo ya kuangalia ndege wanafikiria lazima uende Naivasha ama Nakuru, ulale hoteli, ukuwe na kamera ya bei ya pikipiki. Wapi. Mabwawa yako hapa hapa, na msimu mtamu ni huu wa kuanzia mwisho wa Februari mpaka Aprili, juu huku kwetu tunangoja mvua ndefu lakini kule Ulaya na Siberia baridi inaisha, na wale ndege waliokuja kukaa na sisi tangu Septemba Oktoba wanajipanga kurudi kwao kuzaa. Wakifika kila mtu anafurahia anapiga picha. Wakienda hakuna anayejua, kwa sababu ndege haagi. Leo wako wengi kwa matope, wiki ijayo wamebaki wawili, wiki inayofuata hakuna kitu, na kama hukuwa unaandika huwezi kujua waliondoka lini. Kwa hivyo kazi yenyewe ni hii: chagua bwawa moja, rudi hapo kila wiki, na uandike kila kitu hata kama ni wale wale.

Bwawa gani sasa. Kama unaanza na uko pekee yako, nenda Lily Lake ndani ya Karura, iko salama, unalipa getini unatembea. Shida yake imezungukwa na miti, utapata mdiria, bata, kibisi, lakini vitwitwi, yaani hawa ndege wadogo wa kutembea kwa matope ambao ndio wasafiri wenyewe, hawapendi hapo, wao wanataka mahali pa wazi na maji ya kufika kifundo cha mguu. Kwa hao nenda Manguo, Limuru, ule mbuga wa maji kando ya barabara kuu ya kwenda Naivasha. Matatu inakushusha hapo karibu. Kikuyu kuna Ondiri, mahali mto Nairobi unaanzia, pale nyasi zimeelea juu ya maji kwa hivyo usijaribu kuzikanyaga hata kama zinakaa imara. Ndani ya Nairobi National Park, hiyo ya tangu 1946, kuna Hyena Dam si mbali na geti kubwa, ndege wako karibu na gari hadi huhitaji darubini, tu ujue unalipia eCitizen na huwezi kushuka kwa gari ila zile sehemu zilizoruhusiwa. Mabwawa ya majitaka kule Ruai ndio yanajaza ndege kuliko yote, harufu utaizoea, lakini pale ni mahali pa kazi, omba ruhusa kwanza. Nairobi Dam ya Langata nayo imefunikwa na magugu maji sana, ndege bado wako ila nenda na mtu wa mtaa na simu ikae mfukoni.

Darubini: ukiweza kukopa, kopa kwanza. Ukinunua tafuta imeandikwa 8x42. Hiyo 8 ni mara ngapi inavuta, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, ndio huleta mwanga asubuhi. Watu hukimbilia 10 ama 12 wakidhani kubwa ni bora alafu mkono unatetemeka hawaoni chochote. Zaidi ya hapo ni gambuti, sweta, kofia, daftari ndogo na penseli, sababu kalamu ya wino ikinyeshewa inamwaga maandishi yote.

Fika saa kumi na mbili na nusu, jua likitoka. Mpaka saa tatu hivi kuna raha, baadaye joto linaanza kucheza juu ya maji na kila kitwitwi kinakaa sawa. Simama upande wa mashariki ili jua likuwe mgongoni, ukisimama upande ule mwingine utaona vivuli vyeusi tu na utarudi nyumbani ukilaumu darubini. Dakika za kwanza usiinue kitu. Tulia, angalia kwa macho, ndege wakuzoee. Alafu anza kushoto uende kulia, polepole, hesabu kwanza kabla ya kutafuta majina, sababu mwewe akipita wote wanaruka na hesabu yako imeisha hapo. Kundi likiwa kubwa hesabu kumi moja moja, uone hizo kumi zinachukua nafasi gani, alafu ujaze kundi lote na hizo kumi kumi.

Sasa vitwitwi wenyewe, hapa ndio watu huchoka, manze wote ni wa kahawia na wote wana miguu. Anza na wachache tu, na nitakupea majina ya kisayansi juu hayo ndio programu zote zinaelewa. Wa kwanza Actitis hypoleucos, huyu hatulii, mkia unapanda na kushuka muda wote, na mbele ya bawa kuna kipande cheupe kinachopanda kuelekea begani. Akiruka anaenda chini chini karibu aguse maji. Wa pili Tringa glareola, mgongo umejaa madoa meupe kama umenyunyiziwa unga, mstari mweupe juu ya jicho unaoenda mpaka nyuma ya kichwa, miguu ya njano iliyofifia. Huyu ndiye utapata mwingi Manguo. Ukiona anayefanana naye lakini mweusi zaidi, mgongo hauna madoa mengi, na akiruka anaonekana mweusi na kiuno cheupe kabisa, huyo ni Tringa ochropus, mara nyingi yuko pekee yake kwa mtaro ama kidimbwi kidogo. Mdogo kuliko wote mwenye miguu myeusi anayedonadona haraka haraka ni Calidris minuta. Na Calidris pugnax, mkubwa mwenye kichwa kidogo na shingo ndefu, huyu Machi ni wa kuangalia vizuri sana kwa sababu dume anaanza kubadilisha manyoya, unapata mmoja ana mabaka meusi kifuani, mwingine ya kutu, mwingine bado wa kawaida. Andika hiyo pia, si jina tu. Mtu akisoma "watatu wameanza kubadilika" anajua safari imekaribia.

Usiangalie maji pekee. Ng'ombe wakipita majanini tazama karibu na kwato, kuna Motacilla flava, kadege kembamba kanakotingisha mkia, mwezi huu tumbo la dume limekuwa njano ya kung'aa. Juu kwa waya za stima mbayuwayu wanakaa mstari, uzito wake ni kama gramu 20 tu na yuko njiani kwenda mpaka Ulaya. Na wale wenyeji usiwadharau, yangeyange, kwarara wa kutuamsha na kelele, kongoti wale wale wa Nyayo Stadium, wote wanaingia kwa daftari. Pale Hyena Dam kuna Actophilornis africanus, yule wa kahawia mwenye vidole virefu ajabu anatembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Ukiona mmoja na vifaranga ujue huyo ni baba, mama ameshaenda kutafuta dume mwingine. Mvua ikianza sikiliza vyura pia, na kereng'ende piga picha uweke iNaturalist, programu ya kurekodi viumbe wa kila aina, bwawa si la ndege peke yao.

Kurekodi: tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, mahali, ndege gani, wangapi, wanafanya nini. Alafu kuna kitu wengi huacha nacho ndicho muhimu kuliko vyote msimu huu, kiwango cha maji. Mvua kubwa ya kwanza ikishuka matope yanafunikwa, vitwitwi wanatawanyika kwa vidimbwi vya mashambani, wewe unakuja Jumamosi unakuta hakuna unaandika wameenda Ulaya, kumbe wako kilomita mbili nyuma ya shule fulani. Chagua jiwe ama nguzo uwe unaiangalia kila wiki, imefunikwa ama bado. Na ongea na wenye wako hapo kila siku. Mchungaji ama wale vijana wa kuosha magari wanaona kuliko wewe:

"Habari ya asubuhi mzee. Zile ndege ndogo za miguu mirefu bado ziko?"

"Wiki jana zilikuwa nyingi. Tangu inyeshe sijaziona, labda huko chini kwa mashimo."

Hapo umeokoa rekodi yako.

Usipoona ndege uliyekuwa ukimwona kila wiki, andika sufuri. Ukiwa na shaka andika "kitwitwi, sijui gani, 4" na uende mbele, kukisia jina ndiko kunaharibu data. Kwa simu, eBird, programu ya kutuma orodha za ndege, ni rahisi, weka idadi halisi na useme orodha ni kamili kama uliandika kila uliyemtambua. Kama unataka rekodi ifanye kazi hapa nyumbani ingia Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, wanatumia programu ya simu inaitwa BirdLasser. Nchi imegawanywa kwa miraba ya karibu kilomita 9 kila upande, unatafuta ndege kwa mraba wako kwa angalau saa mbili, orodha inaweza kuendelea mpaka siku tano, na programu inashika mpangilio wa nani alionekana kwanza. Merlin, programu ya kukusaidia kutambua ndege, pakua ya Kenya ukiwa na Wi-Fi ndio ifanye bila bando, lakini ikisema imesikia ndege fulani mtafute kwa macho kwanza. Picha ya ushahidi haihitaji kamera, weka lenzi ya simu kwa tundu la darubini, itatoka mbaya lakini madoa na miguu yataonekana.

Kitu kingine, soja. Mtu na darubini kando ya ukuta Nairobi ni mtu wa kuulizwa maswali. Salimia kabla hujaulizwa, onyesha daftari, mpee aangalie pia, mara nyingi anakuwa rafiki na anakuambia bundi analala wapi. Karibu na kambi za jeshi darubini ibaki kwa begi. Arboretum iko jirani na Ikulu kwa hivyo angalia ndege wa upande ule mwingine, tafadhali.

Ukiona korongo wa taji na kiota, rudi nyuma polepole na usiweke mahali pake mtandaoni, hao wako hatarini kutoweka duniani na vifaranga huibiwa. Usicheze sauti za ndege kwa simu ili watoke. Usirushe jiwe ndio waruke upige picha, nimeona watu wazima wakifanya hivyo.

Kujifunza haraka ni kutembea na waliotangulia. Nature Kenya, shirika la tangu 1909, huwa na matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia pale Museum, Museum Hill, na wazee wa hapo hawachoki kuulizwa. Januari huwa kuna hesabu ya ndege wa maji, wanaojitolea hukaribishwa.

Endelea mpaka Aprili iishe. Na ukirudi Juni ukute kitwitwi mmoja amesimama kwa matope peke yake, usifikirie umekosea, wadogo ambao hawajafikia kuzaa wengine hubaki huku mwaka mzima. Programu inaweza kukuuliza kama una uhakika. Weka ile picha mbaya ya darubini, andika miguu ilikuwa rangi gani, tuma.