Ampu ndogo ya spika za kompyuta na hedifoni: chipu ipi uchukue na unaiungaje

Wakuu, swali la ampu (kikuza sauti) ya kompyuta linarudi kila siku so leo naliandika lote. Kwanza jiulize, unataka kusikia kwenye spika au kwenye hedifoni, coz hapo ndo wengi wanaunguza.

Kama ni spika, chukua chipu ya PAM8403. Ni klasi D, yani haipunguzi umeme kwa kuugeuza joto kama zile ampu za zamani, yenyewe inawasha na kuzima mara laki kadhaa kwa sekunde moja, spika inafuata wastani wake. Ndo mana haihitaji bati la kupozea. Inakula volti 2.5 mpaka 5.5, kwaiyo USB inatosha, ila ukiipa ya 9 au 12 imekufa hapo hapo. Na zile wati 3 kwa 3 zinazotangazwa ni kwa spika za omu 4 sauti ikiwa tayari imekwaruza, alafu USB 2.0 inatoa miliampu 500 tu, yani wati 2.5 jumla. Na spika za omu 8 utasikia safi kabisa chumbani.

Kuunga: waya nyekundu wa USB chanya, mweusi hasi, na karibu kabisa na hapo weka kapasita ya mikrofaradi 470 ya volti 10, upande wenye mstari uende hasi. Kwenye njia ya sauti pitisha kwanza kwenye volyumu (resista ya kuzungusha) ya kilo-omu 10 au 50.

Sasa hapa tulia. Kila spika ina waya wake mbili, na ule wa hasi SIO graundi (ile hasi ya pamoja ya umeme), nao unabeba sauti. Usiunganishe hasi za kushoto na kulia, usizipeleke graundi. Mimi niliwahi kuziunga pamoja ili nipunguze waya, chipu ikachemka mpaka kidole hakishikiki, haikufufuka tena. Na hedifoni ya kawaida jeki yake ina graundi moja ya pamoja, kwaiyo PAM8403 kwa hedifoni HAPANA.

Ya hedifoni tafuta TDA2822M ya miguu 8. Ni ya zamani ila inafanya kazi hata kwa betri mbili za penseli. Mguu wa 2 chanya, wa 4 hasi, sauti inaingia 7 na 6 (kila mmoja resista ya kilo-omu 10 kwenda graundi), 8 na 5 kila mmoja kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda graundi, inatoka 1 na 3. Kila mguu wa kutokea weka kapasita ya mikrofaradi 220, chanya iangalie chipu, kwa hedifoni ya omu 32 besi inashuka mpaka kama hezi 23.

Ukisikia ziiii inayobadilika ukisogeza mausi, ni graundi ya USB na ya waya wa sauti zimefanya duara linalobeba kelele ya kompyuta, toa umeme wa ampu kwenye USB ya kompyuta tumia pawabenki (baadhi zinajizima ampu ikila kidogo, jaribu kwanza).

Na kabla hujavaa, chomeka hedifoni ya bei rahisi usiyoijali, pima DC (umeme wa moja kwa moja) kwenye jeki na mita. Isome karibu na sifuri. Ikikaa volti moja na zaidi, kapasita umeigeuza au imevuja, badilisha kwanza.