Pasi imeguswa na mlinzi ikaingia kikapuni: tazama miguu ya mpigaji

Hili limenitoa jasho juzi mezani nikiandika alama. Kwa sheria za mpira wa kikapu za NFHS, zinazotumika sekondari za Marekani, pasi ikipigwa kutoka nyuma ya mstari wa pointi tatu, ikaguswa na mlinzi na kutumbukia kikapuni, ni pointi tatu, hata kama mlinzi huyo alikuwa ndani ya mstari. Kwa hiyo usihangaike na mkono wa mlinzi. Kariri miguu ya mpigaji pasi ilipokuwa mpira unamtoka. Sheria haiulizi alikusudia nini: mpira uliorushwa kutoka nyuma ya mstari unahesabiwa sawa na shuti. Ila kidole cha mguu kikigusa mstari, ni mbili.

Mbinu hii inagoma mpira ukidunda sakafuni, ukimgonga mwamuzi, au ukiguswa na mchezaji wa timu ya mpigaji pasi aliye ndani ya mstari. Hapo ni mbili. Vilevile mlinzi akiudaka kabisa kisha akajifunga mwenyewe, ambalo ni suala tofauti, wapinzani wanapata mbili tu. Ligi yenu ikifuata kitabu kingine, somani kipengele hicho kabla ya mechi.