Kumkinga mhudumu wa afya dhidi ya korona katika hospitali yenye vifaa vichache

Fedha zikiwa chache, wengi hukimbilia kununua barakoa na magauni, kisha hukaa wakidhani kazi imekwisha. Vifaa hivyo vinahitajika, ila vinakuja mwisho katika mpangilio wa kinga. Aliyeingia wodi ya korona anajua yuko wapi na amejiandaa. Anayeambukizwa kirahisi ni mwenzake aliye mapokezi, anayefagia wodi ya kawaida au anayekula chakula cha mchana na wenzake watano katika chumba kisicho na dirisha. Utafiti uliofanywa Birmingham, Uingereza, mwaka 2020 ulikuta kingamwili za korona (ishara kwenye damu kwamba mtu ameshaambukizwa) kwa asilimia 34.5 ya wafanya usafi wa hospitali waliopimwa, ilhali kwa wahudumu wa chumba cha wagonjwa mahututi zilikuwa asilimia 14.8. Mwambukizwa huweza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajahisi dalili, hivyo kupima joto mlangoni hakutoshi. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe: hewa, mgonjwa, mapumziko, halafu ndipo vifaa.

Hewa

Anza na madirisha, kwa sababu yanamkinga kila aliye chumbani, hata aliyesahau barakoa. Virusi husafiri ndani ya chembechembe anazotoa mtu akipumua, akiongea au akikohoa. Zilizo kubwa hudondoka karibu naye. Ndogo huelea na kujaa chumba kisichopitisha hewa, na hubaki humo hata baada ya mgonjwa kuondoka.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi ya kawaida, na lita 160 mahali panapofanyika shughuli zinazorusha chembechembe hewani. Unaweza kukadiria wodi yako kwa futi kamba na kalamu. Pima upana na kimo cha sehemu inayofunguka kweli, maana dirisha la vioo vya kuteleza hufunguka nusu tu. Jumlisha madirisha na milango ya ukuta mmoja, kisha ya ukuta unaotazamana nao, uchukue jumla iliyo ndogo. Penye wavu wa mbu, hesabu nusu ya eneo. Halafu zidisha: 0.65 × kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde × eneo kwa mita za mraba × 1000. Jibu ni lita kwa sekunde.

Mfano: upande mdogo una mita 2 za mraba na upepo ni mita 1 kwa sekunde. Unapata lita 1300, zinazowatosha wagonjwa 21 wa kawaida, au 8 kwa kiwango cha lita 160. Upepo ukitulia usiku hadi mita 0.3, wodi ileile inapata lita 390, yaani wagonjwa 6 wa kawaida au 2 tu wa kiwango cha juu. Kwa hiyo idadi ya vitanda ipangwe kwa saa ya utulivu. Na kama madirisha yako upande mmoja tu, 0.65 inashuka hadi 0.05, chumba cha namna hiyo kigeuze stoo, usilaze humo mgonjwa anayekohoa.

Tatizo kubwa ni usiku, madirisha yanapofungwa kwa sababu ya baridi, mbu au wezi. Amri ya daktari haitayafungua. Yatafunguka ukitoa mablanketi ya ziada, ukihamishia wavu kutoka dirishani hadi kitandani, na ukiweka nondo. Feni ya kusimama iwekwe dirishani upande ambao hewa inatoka chumbani, ikipuliza kwenda nje na si kwenye korido wala njia wanayopita watu. Feni ya dari huzungusha hewa ileile. Haileti hewa safi madirisha yakiwa yamefungwa.

Kama kuna kifaa cha kupima kaboni dioksidi, gesi tunayoitoa tukipumua, kimoja kinaweza kuzungushwa hospitali nzima. Nje husoma karibu ppm (sehemu kwa milioni) 420. Chumbani kikipita 800 watu wakiwa ndani, fungua zaidi au punguza watu.

Mgonjwa anapofika

Meza ya kwanza ikae nje, chini ya kivuli, kabla mgonjwa hajafika kwenye benchi la kusubiri. Anayeikalia aulize maswali machache: kikohozi, homa, kupumua kwa shida, kupoteza uwezo wa kunusa, kukaa na mgonjwa. Akijibu ndiyo, apewe barakoa palepale na apelekwe njia yake, akae angalau mita moja kutoka kwa wengine, na mita mbili pakiwepo nafasi. Barakoa moja usoni mwa mgonjwa huzuia chembechembe pale zinapotoka, hivyo akiba ikiwa ndogo usimnyime mgonjwa ili kumpa karani wa ofisini. Mgonjwa wa oksijeni ya puani naye avalishwe barakoa ya upasuaji juu ya mirija, ikiwa anaivumilia.

Ndugu wanaomhudumia mgonjwa ni sehemu ya hesabu. Kila kitanda kiwe na ndugu mmoja, yuleyule, naye afundishwe kuvaa barakoa.

Chumba cha chai

Hapa ndipo kinga ya siku nzima huvunjika. Watu huvua barakoa pamoja, hukaa uso kwa uso na kuongea kwa sauti. Hamishia mapumziko nje, chini ya mti au kwenye veranda. Ikishindikana, gawa zamu za kula ili wawepo watu wawili au watatu kwa wakati mmoja, wakae mbalimbali, dirisha likiwa wazi. Makabidhiano ya zamu yafanyike mahali penye hewa. Chumba cha kulala cha zamu ya usiku na gari la wafanyakazi vifuate sheria hiyohiyo, nalo gari lifunguliwe vioo.

Barakoa zikiwa chache

N95, barakoa inayobana uso na kuchuja hewa, huzuia angalau asilimia 95 ya chembechembe za majaribio; FFP2, ya kiwango cha Ulaya, asilimia 94. Uchujaji huo hauna maana ikiwa hewa inapita pembeni. Kila unapoivaa, bana waya wa puani kwa vidole vya mikono yote miwili, funika barakoa kwa viganja, toa pumzi kwa nguvu, kisha vuta. Ukihisi hewa ikipita puani au mashavuni, irekebishe. Ikishindikana, chukua saizi nyingine. Ndevu kwenye mstari wa barakoa huharibu mbano, na hapo hakuna njia ya mkato: zinyolewe.

Zigawe kwanza kwa wanaoweka mpira wa kupumulia, wanaofanya ufufuaji wa moyo, wanaofyonza makohozi na walio wodi ya korona muda wote. Kuivaa mfululizo zamu nzima ni salama kuliko kuivua na kuivaa mara tano, kwa kuwa kila kuvua ni nafasi ya kujigusa. Ikilazimu kuirudia, mpe mhudumu barakoa tano na mifuko mitano ya karatasi yenye jina lake na siku. Anatumia moja kwa siku na kuirudia baada ya kutumia zile nyingine nne. Mfuko usiwe wa plastiki, unyevu hubaki ndani. Itupwe ikilowa, ikichanika, mikanda ikilegea, ikichafuliwa na majimaji ya mgonjwa au ikishindwa jaribio la mbano. Kwa kawaida isivaliwe zaidi ya mara tano.

Usiioshe kwa sabuni, usiipulizie spiriti, usiitie kwenye klorini. Nyuzi zake hunasa chembechembe kwa chaji ya umeme, nayo spiriti huiondoa. Kwa macho barakoa itaonekana nzima kabisa, ilhali imeshapoteza kazi yake. Ngao ya uso, kinyume chake, husafishwa na kutumika tena mara nyingi.

Kuvua

Wengi hujichafua hapa, hasa mwisho wa zamu wakiwa wamechoka. Bandika utaratibu ukutani na mwenzako asimame akiusoma kwa sauti:

1. Vua glovu, kisha gauni kwa kulikunjia ndani.
2. Safisha mikono.
3. Vua miwani au ngao kwa kushika mkanda wa nyuma.
4. Toka kwenye eneo la wagonjwa, ndipo uvue barakoa: mkanda wa chini kwanza, wa juu baadaye, bila kugusa mbele.
5. Safisha mikono tena.

Glovu zisipakwe klorini ili kutumika kwa mgonjwa wa pili. Hudhoofika na kutoboka. Kuvaa jozi mbili kila wakati kunamaliza akiba tu.

Klorini na kitakasa mikono

Ndoo ya lita 20 kwa sakafu na vitanda huhitaji nguvu ya asilimia 0.1. Ukiwa na klorini ya maji ya asilimia 5, weka mililita 400 na ujazie maji hadi lita 20. Ya asilimia 3.5, weka mililita 570. Unga wa asilimia 70, gramu 29. Kwa damu au matapishi, tumia asilimia 0.5, ambayo ni mara tano ya vipimo hivyo.

Safisha kwanza kwa maji na sabuni, kwa sababu uchafu humaliza nguvu ya klorini. Kisha pangusa na uache palowe kwa dakika 10. Tengeneza mpya kila siku, funika, weka mbali na jua. Usiichanganye na asidi ya kusafishia choo wala amonia. Hutoa gesi yenye sumu. Usimnyunyizie mtu klorini kamwe, iwe mlangoni au anapovua.

Lita 10 za kitakasa mikono kwa fomula ya WHO: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8333, hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha jazia hadi lita 10 maji yaliyochemshwa na kupoa. Iache saa 72 kabla ya kutumia ili peroksaidi imalize vijidudu vilivyokuwemo kwenye chupa. Tengenezeeni mbali na moto. Sugua sekunde 20 hadi 30. Kwa maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60.

Kupunguza chembechembe

Mgonjwa wa pumu anaweza kupewa dawa ya kuvuta (inhela) badala ya nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu. Chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu linalolingana na mdomo wa inhela na kuzibwa kwa gundi, hufanya kazi ya chombo cha kati, kinachokaa baina ya inhela na mdomo wa mgonjwa. Utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 1999 kwa watoto ulionyesha kuwa hailemewi na vile vya dukani. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Wakati wa kuweka mpira wa kupumulia, wabaki wanaohitajika tu, na mwenye ujuzi zaidi ndiye aweke.

Mhudumu akiugua

Anayekatwa malipo kwa kukosa zamu atakuja na homa. Uongozi uwalipe wote siku za ugonjwa, wakiwemo wafanya usafi wa mkataba, na uhakikishe chanjo na dozi za nyongeza zinawafikia wote. Kwa mwongozo wa WHO wa Januari 2023, mwenye dalili hujitenga siku 10 tangu zilipoanza, asiye na dalili siku 5 tangu kipimo; kipimo cha haraka cha antijeni kikitoka hasi, anaweza kurudi mapema.

Weka daftari: jina, idara, siku ya dalili, alikula na nani, alivaa nini. Wawili wa idara moja wakiugua ndani ya siku 14, pima wenzao wote, kisha kagua chumba chao cha mapumziko kabla ya kukagua wodi.